Maneno Matatu Chini ya Picha

Kiti alichopewa kilitazama ukuta, na ukutani palikuwa na ukurasa alioutengeneza yeye.

Mwanzoni alijidanganya. Aliketi, akaweka mkoba magotini, akaitikia pole za safari na salamu za nyumbani, huku macho yakirudi palepale. Gazeti lilikuwa ndani ya fremu ya kioo, karatasi imegeuka rangi ya chai. Kichwa cha habari kilikuwa kinene kama tofali: MKATE WALAZA WATU HOSPITALINI. Chini yake picha ya mwanamume mwenye kofia nyeupe, ameshika trei ya mikate, anacheka mpaka magego yanaonekana. Kwenye kona, tangazo la magodoro.

Tangazo ndilo lililomwondolea shaka. Picha hupita elfu kwa mwaka mbele ya msanifu wa kurasa, lakini godoro lile alilikumbuka, kwa sababu siku ile lilimtoa jasho.

Na mwanamume wa kwenye picha alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake, bila kofia, bila kicheko, anamimina chai.

"Sukari ngapi, mama?" mzee akamuuliza.

"Mbili, baba," akajibu, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama inatoka chumba cha pili.

Hebu tumtazame kwanza huyu binti alivyokaa. Kulia kwake shangazi, mwanamke mpana aliyejaza kochi na kuziba njia ya kwenda mlangoni. Kushoto meza ya vioo iliyojaa vikombe. Mbele mzee. Juu ya mzee, ukurasa. Hata angetaka kukimbia, angemruka nani?

Mchumba wake alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alikuwa fundi wa friji, na hata nyumbani walimwita Fundi. Mwaka mmoja na nusu uliopita alikuja ofisini kwao kutengeneza kiyoyozi, akapanda ngazi, akachungulia ndani ya mashine, akasema kwamba haishangazi magazeti kuandika vitu vya moto, maana humu ndani watu wanaokwa. Ofisi nzima ilinuna. Binti alicheka. Kesho yake kiyoyozi kiliharibika tena, na kesho kutwa pia, hadi mhariri akaanza kuuliza kama yule kijana anatengeneza au anaharibu. Ukweli alikuwa anafanya vyote viwili.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao ndipo Fundi alipomwambia kwamba baba yake hawapendi watu wa magazeti, kwa kuwa gazeti fulani lilimfungia bekari. Yeye hakuuliza gazeti gani. Mtu haulizi swali ambalo jibu lake linaweza kumng'ata. Na leo, wakiwa getini kabisa, mkono tayari kwenye kengele, Fundi akamnong'oneza kwamba amewaambia nyumbani mchumba wake anachapa kadi za harusi. Alipotaka kugoma, mlango ulikuwa umeshafunguliwa na shangazi ameshamkumbatia. Mapenzi yana namna yake ya kumwingiza mtu chumbani kisha ndiyo amwonyeshe aliyemo.

"Kwa hiyo kadi zetu tutapata bure," shangazi alisema, akimpiga paja. "Na huyu fundi wako, moyo wake ulikuwa umeganda kama nyama. Sisi tulishakata tamaa. Ulimyeyusha na nini?"

Akajibu kwamba hajui, labda umeme ulikatika. Shangazi akacheka mpaka kochi likalia. Hata mzee mdomo ulimcheza. Binti akaona jinsi walivyompenda haraka, na akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

Kisha mzee akaona binti anapoangalia.

Alimsimulia yote bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha. Alikuwa na bekari hapahapa nyuma ya nyumba kwa miaka ishirini na mbili. Alikanda unga alfajiri kwa mikono yake, hamira aliionja kwa ulimi. Kisha bekari nyingine, upande wa pili wa mji, ikatumia unga uliooza, watu arobaini wakalazwa. Gazeti likaandika habari ile, na likaitaja bekari ile kwa jina na mtaa wake. Lakini picha wakaweka yake. Ilipigwa miaka miwili kabla, siku walipokuja kuandika kuhusu bei ya unga. Asubuhi ile aliona wateja wanapita mbele ya dirisha lake bila kugeuka. Aliwapigia simu gazetini mara kumi na moja. Baada ya wiki mbili wakaomba radhi, mistari miwili, chini ya ratiba ya mpira. Miezi mitano baadaye tanuri likazimwa.

"Watu hawasomi, mama," mzee alisema. "Watu wanaangalia. Waliniangalia mimi nacheka."

Ile mistari miwili chini ya ratiba ya mpira, binti aliikumbuka pia. Aliipanga yeye. Aliipanga siku yenye mechi kubwa, akaona imekaa vizuri, akadhani yameisha.

Aliomba aonyeshwe tanuri. Lilikuwa ombi la ajabu kwa mgeni, lakini mzee alifurahi, akamtuma mwanawe ampeleke. Shangazi ilibidi asimame kwanza ndipo yeye apite.

Uani palikuwa na ukuta pande zote na tanuri limekaa katikati kama mnyama aliyelala. Fundi akamshika mkono. Mikono yake ilinuka mafuta ya mashine hata akivaa shati la sikukuu, na harufu ile kwa kawaida ilimfanya binti asogee karibu. Leo aliuondoa mkono wake taratibu.

"Ule ukurasa ni wangu," akasema.

"Najua ni gazeti lenu. Ndiyo maana nikasema kadi."

"Ulijua?" Akamtazama. "Ulijua ni gazeti letu na ukaniketisha mbele yake?"

"Kiti kile ni cha wageni. Ningekihamishaje?"

"Sikiliza, Fundi. Sisemi gazeti. Nasema ukurasa. Niliupanga mimi, kwa mkono huu."

Akamweleza haraka, kabla ujasiri haujamwisha. Picha inapokuwa ya zamani, iliyopigwa kwa habari nyingine, chini yake huandikwa maneno matatu: Picha ya maktaba. Ndiyo sheria. Siku ile maneno yalikuwepo. Kisha likaja tangazo la magodoro, refu kuliko lilivyoahidiwa, mhariri amesimama nyuma yake anagonga saa kwa kucha, na kiwandani wachapaji wanasubiri. Ulihitajika mstari mmoja upungue. Habari mhariri hataki ikatwe, kichwa hakiguswi, tangazo limeshalipiwa. Kilichobaki ni mstari mdogo chini ya picha. Akaufuta, tangazo likakaa, mhariri akampiga bega kumpongeza.

"Nilijua habari imetaja jina la ile bekari," alimaliza. "Nilidhani anayesoma ataelewa."

 Fundi alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa tanuri. Yale macho yaliyozoea kumtafuta ofisini juu ya vichwa vya watu, sasa yalitazama chini, kwenye majivu ya zamani. Alivyokuwa akipumua, binti alitamani amtukane, ingekuwa nafuu.

"Mwaka ule niliacha chuo," hatimaye akasema. "Unalijua hilo?"

"Uliniambia ulichoka kusoma."

"Nilisema uongo." Akapangusa uso. "Usimwambie."

"Fundi."

"Miezi mitatu tu. Tuoane kwanza. Akuzoee. Tukipata mtoto, moyo wake utakuwa laini, hapo tutamwambia wote wawili."

"Nimwambie nikiwa nimembeba mjukuu wake mkononi, kama ngao?"

"Unataka nini basi? Unataka aseme ondoka? Maana atasema, na mimi sitaweza kubishana naye. Nitasimama pale kama friji." Sauti yake ikakatika. "Gazeti limeshanichukulia chuo. Nikikukosa na wewe, litakuwa limechukua vitu viwili."

Hapo binti nusura akubali. Mwanamume mzima, mabega kama mlango, anamwomba kwa macho ya mtoto. Na alimpenda, tusizunguke. Alimpenda mpaka akaanza kupiga hesabu ya miezi mitatu kichwani, akiona si mingi, watu wamesubiri mingi zaidi. Lakini chini ya ile hesabu aliona jambo jingine: kwamba angeishi humu. Kila mwaliko, kila ugonjwa, kila kuzaliwa kwa mtoto, angeketishwa kwenye kiti kile mbele ya ukurasa ule, na angemwitikia mzee "baba" huku analificha godoro.

Walirudi ndani bila kushikana. Shangazi akatoa mzaha kwamba wachumba wakitoka uani na nyuso hizo, ama wamegombana ama wamefanya haraka. Hakuna aliyecheka.

Mzee alikuwa ameleta mkate. Tangu bekari ifungwe alioka mkate mmoja kwa siku kwenye jiko la jikoni, mkate mmoja tu, na hakununua wa dukani hata siku moja. Akaukata kichwa chake, ile sehemu ngumu yenye harufu yote, akaiweka kwenye sahani ya binti. Shangazi akageuka kumtazama mzee. Kichwa cha mkate hakupewa mtu humo tangu mke wa mzee afariki.

Mzee akasema amefikiri wakiwa uani. Siku ya harusi anataka kuwasha tanuri. Atawaokea wageni wote mwenyewe, waje wale au wasile. Halafu, kwa kuwa alikuwa na furaha, akaanza kuzungumza kuhusu mtu mmoja.

Yule mpiga picha. Alikuwa mteja wake, jirani wa mtaa wa pili, mtu aliyekunywa chai hapa kila Jumamosi. Baada ya gazeti kutoka alikuja mara tatu kuapa kwamba hakujua picha itatumikaje. Mara ya tatu mzee alimmwagia ndoo ya maji machafu, mbele ya watoto wake. Yule bwana akahama. Mpaka leo wakikutana sokoni, mzee anatema mate.

Binti alimjua mpiga picha yule. Mtu mpole, anayemwomba radhi hata mbuzi kabla hajampiga picha. Ofisini kila mtu aliona amezeeka ghafla, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Wewe unafanya kazi ya uchapaji," mzee akamwambia. "Nimekuwa nikitaka kumuuliza mtu anayeijua. Maneno ya chini ya picha, anayaweka nani? Ni mpiga picha mwenyewe?"

Fundi akainuka kigodani. Akasema chai imepoa, akasema joto, akasema kitu kuhusu kadi. Hakuna aliyemsikia. Binti alitazama ule mkate kwenye sahani, haujaguswa, na akaona kwamba akiutia mdomoni kabla ya kujibu, hatajibu tena maisha.

"Hapana, baba. Mpiga picha hana neno pale. Anayaweka msanifu wa kurasa." Akameza mate. "Mimi sichapi kadi. Mimi ndiye msanifu. Na ukurasa ule niliupanga mimi."

Shangazi aliyekuwa anamimina aliendelea kumimina mpaka chai ikafurika kwenye kisosi.

Akasema yote tena, safari hii polepole, bila kumtaja mhariri na saa yake, maana aliona angekuwa anatafuta wa kumsukumia. Alisema maneno yalikuwepo na yeye ndiye aliyeyafuta. Alisema mpiga picha hakuwa na kosa.

"Maneno mangapi?" mzee akauliza.

"Matatu."

"Yaseme."

"Picha ya maktaba."

Mzee akayarudia, akiyahesabu kwa vidole, kama mtu anayehakiki chenji. "Na badala yake mkaweka godoro."

"Ndiyo, baba."

"Lilikuwa godoro zuri?"

Shangazi akatoa sauti. Si kicheko, si kilio. Mzee mwenyewe hakucheka. Aliinuka, akauendea ukurasa, akasogeza uso karibu na kioo kama anatafuta mahali pale hasa palipofutwa.  Mgongo wake ulikuwa mwembamba ndani ya shati.

"Nimemngoja mtu huyo miaka minne," alisema akiwa bado ameuelekea ukuta. "Nilimwandalia maneno. Nilijua atakuwa mwanamume, ana kitambi, anavuta sigara. Sasa amekuja amevaa gauni la maua, ananiita baba, na maneno siyaoni yalikokwenda."

"Nisamehe, baba."

"Usiniombe mimi. Mimi nilikuwepo. Unga wangu niliujua, tangu siku ya kwanza nilijua sikumlaza mtu hospitalini. Umeniambia nini nisichokijua?" Akageuka. "Waambie walioacha kununua."

Akaonyesha dirishani. Nje palikuwa na mtaa mfupi wa nyumba kumi na nne, saba huku na saba kule, na nyumba ya mzee ilikuwa mwisho, ilipokoma lami. Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea. Hata kama angefukuzwa, angepita mbele ya milango hiyohiyo.

"Mlango kwa mlango," mzee akasema. "Jina lako, kazi yako, ulichofanya. Ukimaliza, rudi unywe chai. Usipomaliza, usirudi. Mimi yule mpiga picha nitamtafuta mwenyewe, hilo ni langu."

"Baba, utamwaibisha mbele ya mtaa mzima," Fundi akasema.

"Aibu nimeila mimi miaka minne na bado sijafa. Na wewe ukae. Uongo wa kadi tutauzungumza."

Fundi akakaa. Binti alimtazama alipopita, akitaka jicho moja tu, hata la hasira. Hakulipata. Wanaume wengine kimya chao ni kizito kuliko kabati, na ukiwa umekipenda huna pa kukiweka. Akatoka peke yake.

Jua lilikuwa la saa nane, mtaa mweupe, vivuli vimejificha chini ya kuta. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama mmoja aliyeitwa Mama Mapacha, mwenye mwiko mkononi. Shangazi alishasimulia kwamba ndiye aliyekuwa akichukua mikate sita kila siku.

Binti akasema jina lake, kazi yake, na alichofanya. Mama Mapacha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwangalia kuanzia viatu.

"Wewe ni mwandishi?"

"Ninapanga kurasa. Ni gazeti hilohilo."

"Basi ni walewale." Akaegemea mlango. "Nani amekutuma? Yule mzee? Maana nyinyi watu wa magazeti mdomo wenu ni wa kukodi. Leo mnasema mtu mbaya, kesho mnasema mzuri. Mimi niliacha kuwaamini siku nyingi."

"Lakini ule mkate uliuamini."

"Mkate gani?"

"Uliamini kwamba ni wake. Gazeti lilikuwa letu siku ile pia. Leo nimesimama mbele yako, nakwambia nilikosea, na huniamini."

Mama Mapacha akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, mwiko umetulia hewani.

"Siku ile kulikuwa na picha," akasema.

Akafunga mlango. Hakuubamiza, aliurudisha tu, kama unavyomfungia muuza sabuni.

Binti alibaki akitazama rangi ya mlango iliyobanduka. Milango kumi na mitatu mbele yake, na kila mmoja ungesema hilohilo. Ukweli alikuwa nao mzima mdomoni na haukuwa na thamani hata ya kipande cha mkate, kwa sababu ya kazi yake, na kazi hiyo aliiharibu yeye na wenzake, mstari mmoja mmoja. Nyuma yake nyumba ya mzee. Mbele mtaa. Machozi yakamshuka na hakuyapangusa, kwani ni nani angeyaamini.

Akasikia lango. Kisha nyayo alizozijua, zile za mtu anayetembea kama amebeba ngazi hata asipoibeba.

Fundi alimpita bila kumgusa, akagonga mlango wa Mama Mapacha kwa kiganja. Ulipofunguliwa akasema shikamoo, kisha akasema, "Huyu ni mchumba wangu. Anachosema ndivyo kilivyotokea. Mimi nimekosana naye kwa jambo hilohilo, kwa hiyo sina sababu ya kumtetea."

Mama Mapacha akawatazama wote wawili, mmoja analia, mwingine amenuna. Hakusema ameamini. Aliuliza tu kama ni kweli mzee bado anaoka.

"Mmoja kwa siku," Fundi akajibu.

"Mmh," akasema yule mama, na safari hii mlango aliuacha wazi kidogo.

Walitembea hadi mbele ya nyumba inayofuata, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Bado nina hasira," Fundi akasema, macho mbele.

"Najua."

"Sijui itaisha lini."

"Najua."

Akasimama. Hakumshika mkono, lakini alizunguka nyuma yake akahamia upande wa lango la nyumba ile.

"Hapa wana mbwa," akasema. "Pita upande niliokuwa mimi."